Gari la fowili limezima mtoni: toa ufunguo kwanza

Gari limezima katikati ya maji, au limevuka salama ukalizima ng'ambo ili upumue, na sasa haliwaki. Kabla hujagusa kitu kingine, toa ufunguo kwenye swichi uutie mfukoni. Usipige stata "kujaribu tu". Nimeendesha na kutengeneza Land Cruiser za safari Arusha kwa miaka 17, na injini nyingi nilizoshuhudia zikifa kwa maji hazikuuawa na mto. Ziliuawa na stata, au na kamba ya msamaria aliyekuja kuvuta, tena ndani ya robo saa ya kwanza.

Chukua mfano wa injini ninayoijua kuliko zote, 1HZ ya dizeli ya Land Cruiser. Ina silinda 6, ujazo wake sentimita za ujazo 4,164. Kila silinda inavuta hewa kama mililita 694, kisha inaibana zaidi ya mara 22. Piga hesabu yako: pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni mililita 32 hivi. Hivyo ni vijiko viwili vya kulia wali. Hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Silinda ikimeza maji kuzidi vijiko hivyo viwili, pistoni inakosa pa kwenda, na kitakachopinda ni konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na krenki, yaani mhimili unaozunguka wa injini. Ukipiga stata una bahati kidogo, kwa sababu stata inaweza kugoma. Ukivutwa na lori huku gia imeshika, uzito wote wa gari lako unaisukuma ile pistoni, na hapo hakuna cha kugoma.

Nitaeleza kwa gari lililonizimikia mwenyewe, maana siku hiyo karibu kila kitu kilitakiwa kupimwa.

Ilikuwa Aprili, barabara ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Ngare Sero, ng'ambo ya Engaruka. Anayeijua njia ile anajua makorongo yake: kiangazi unapita juu ya mchanga wa kijivu bila hata kupunguza gia, lakini mvua ikinyesha kule juu milimani, maji yanateremka hapo wewe ukiwa kwenye jua kali. Nilibeba mahema na chakula, pamoja na mpishi na kijana wa Kimasai tuliyempa lifti. Nilishuka nikapima kwa fimbo na kwa mguu. Maji yalifika katikati ya paja. Toyota yenyewe inaliruhusu gari la aina hii kina cha milimita 700, kwa hiyo tulikuwa ndani ya kipimo, tena na snokeli, lile bomba la kuvutia hewa kutoka juu. Nikaingia na gia ya kwanza, fowili ikiwa kwenye "lo", yaani mwendo mdogo wenye nguvu. Tulishapita nusu ndipo gurudumu la mbele likatumbukia shimoni, maji yakapanda juu ya boneti, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Watu kwanza. Korongo linaweza kujaa mara mbili kwa muda wa kuchemsha chai. Mpishi na kijana walitoka na mizigo ya mkononi, mimi nikabaki kukumbuka kitu kimoja: lilizima vipi?

Hilo ndilo swali la kwanza la fundi, na jibu analo dereva peke yake. Kama injini ilisimama ghafla kwa kishindo, ikiwa na mzunguko mkubwa, chukulia kwamba silinda imemeza maji na huenda kuna kitu kimeshapinda. Kama ilikohoa na kufifia, huenda imekosa hewa au mafuta, huenda pia imemeza maji kidogo. Kama ni ya petroli na ilianza kutetemeka huku ikikosa moto silinda moja moja, mara nyingi ni plagi, koili au waya zimelowa. Na kama uliizima mwenyewe ng'ambo ikiwa nzima, ukirudi haiwaki, elekeza macho kwenye umeme. Ya kwangu ilikohoa. Sikuwa na hakika, na pasipo hakika unaliona gari kama lililomeza maji mpaka lithibitishe vinginevyo.

Baada ya dakika ishirini hivi lilitokea lori la mchanga. Dereva akateremka na kamba tayari mkononi. "Kaka, weka gia ya pili, achia klachi nikishakolea. Hizi Land Cruiser ndivyo zinavyotaka." Alikuwa na nia njema kabisa. Nikamjibu: "Ahsante sana kaka, nivute, ila naweka fri mpaka juu. Kuwaka tutazungumza baadaye." Aliniona kama nisiyejua gari. Lakini mimi nilishamwona mwenzangu akikubali maneno hayo hayo, gari likawaka kweli, watu wakapiga makofi. Lilitoa moshi mweupe na mlio mdogo kama wa nyundo ya saa. Siku ya tatu, karibu na Makuyuni, konrodi ikakatika ikatokea ubavuni mwa injini. Bloku ikatobolewa tundu linaloingia ngumi.

Basi vuta kwa winchi au kamba, gia iwe fri, na kiteuzi cha fowili ukiweke fri pia. Simamisha gari pua ikiwa imeinama kidogo ili maji yatiririke, kisha fungua boneti.

Anzia pale hewa inapoingilia

Fungua kibweta cha filta ya hewa utoe filta. Ishike kwa mikono miwili, ibonyeze karatasi yake kwa vidole. Filta kavu yenye vumbi la kawaida ni habari njema sana: maji hayakupita huko, na unaweza kuhamia kwenye umeme na mafuta moyo ukiwa umetulia. Filta iliyolowa haimaanishi moja kwa moja kwamba injini imekunywa, kwa hiyo endelea mbele: fungua bomba linalotoka kwenye kibweta kwenda kwenye injini, ingiza mkono, papasa sakafu ya bomba. Ukitoa vidole vina tope au matone, maji yalivuka filta.

Mimi niliikuta filta nzito kama chapati iliyoanguka kwenye mchuzi. Na snokeli je? Snokeli yenyewe ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa mpira unaoiunganisha na kibweta, uliokuwa na ufa kwa chini, mahali usipopaona ukiwa umesimama. Ndani ya ule mpira palikuwa na mchirizi wa tope la kijivu ulioanzia kwenye ufa na kuelekea kwenye filta, kana kwamba mtu ameuchora kwa kalamu. Snokeli isiyozibwa viungo vyake ni bomba la mapambo. Tazama pia ulimi wa mpira ulio chini ya kibweta, ule wa kutemea vumbi: ukipotea au ukichanika, maji yanapandia hapo hapo. Nimeyakuta magari mengi yamekatwa ulimi huo gereji na hakuna aliyeurudisha.

Kisha chomoa stiki ya oili. Oili iliyopanda juu ya alama, au yenye rangi ya chai ya maziwa, ina maji. Lakini usitegemee rangi peke yake. Injini ikishasimama kama nusu saa, maji hushuka chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na oili huelea juu yake, hivyo stiki inaweza kutoka ikiwa safi. Ingia uvunguni, legeza boliti ya sampu taratibu huku umeibana kwa kidole, bila kuitoa. Kama kuna maji, ndiyo yatakayotangulia. Ukiona oili nyeusi tangu tone la kwanza, kaza.

Zungusha kwa mkono

Hiki ndicho kipimo ambacho ningemwomba kila dereva akijifunze kabla ya kujifunza kuvuka mto. Hakikisha gia iko fri na ufunguo uko mfukoni. Tafuta boliti kubwa ya puli ya krenki mbele ya injini, weka boksi yake na mkono mrefu, zungusha upande wa kulia, kama saa inavyozunguka ukiwa umesimama mbele ya gari. Ukizungusha kinyume unaweza kuilegeza boliti yenyewe. Unahitaji mizunguko miwili kamili, maana ndipo kila silinda inakuwa imepita zamu yake ya kubana.

Jifunze kuhisi tofauti. Hewa inakusukuma nyuma kama godoro. Ukishikilia bila kuachia, inavuja polepole pembeni ya pistoni na mkono unasogea tena. Maji hayasogei. Unakwenda laini, laini, halafu unagonga ukuta. Hapo usiongeze bomba kwenye spana wala usimwite kijana mwenye nguvu. Umeshapata jibu.

Mkono wangu uligonga ukuta kabla ya kumaliza mzunguko wa kwanza.

Dawa yake ni kuyapa maji njia ya kutokea. Kwenye petroli unatoa plagi zote. Kwenye 1HZ nilitoa hita plagi, zile za kupashia injini joto kabla ya kuwaka, ziko 6, zimeunganishwa kwa ukanda mmoja wa chuma wenye nati ndogo. Nati hizo ziweke ndani ya kofia, zikidondokea mchangani hutaziona tena. Puliza uchafu kuzunguka kila plagi kabla ya kuifungua, na kama imekaza usiilazimishe: ncha yake ikikatikia ndani umejiongezea kazi ya siku mbili. Chomoa pia waya wa swichi ya kukata mafuta iliyo kwenye pampu, ili dizeli isirushwe. Kwa petroli, kata umeme wa koili na wa pampu ya mafuta, maana mvuke wa petroli na cheche moja vinatosha kukuunguza uso.

Zungusha tena kwa mkono mizunguko miwili. Ikipita bila kugonga, ndipo ufunguo unatoka mfukoni. Watu wote wasogee, hakuna kuchungulia kwenye matundu. Piga stata sekunde tano, pumzika, sekunde tano tena. Silinda ya tano na ya sita zilirusha maji ya rangi ya chai mpaka kwenye boneti, mpishi wangu akaruka nyuma na sufuria yake mkononi. Rudia mpaka kitokacho kiwe pumzi kavu. Mimi hutia kijiko kimoja cha chai cha oili safi ya injini kwenye kila tundu, nazungusha kidogo, ili kuta za silinda zisianze kushika kutu, kisha narudisha plagi. Wakati huo filta inakaushwa, kibweta na bomba vinafutwa kwa kitambaa, na ule ufa niliufunga kwa tepe na kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Usiwashe injini huku bomba la hewa bado lina maji. Mvuto wa kwanza tu utayarudisha ulikoyatoa.

Kama oili imeingia maji, badilisha pamoja na filta yake kabla ya kuwasha. Ndiyo sababu safari za masika nabeba magaloni mawili ya lita 5. Ukifika mjini unabadilisha tena, kwa kuwa oili ya kwanza inakuwa imesuuza yaliyobaki.

Injini inazunguka vizuri kwa mkono, ila haiwaki

Sasa, na ni sasa tu, gawa tatizo mara mbili: stata inazunguka au haizunguki?

Haizunguki: washa taa kubwa, piga stata huku mwenzako anazitazama. Zikififia kabisa, betri imeishiwa au vichwa vyake vimelegea na kuingia tope. Fungua, kwangua, kaza, pamoja na waya wa bodi ambao wengi wanausahau. Betri nzima iliyotulia husoma volti 12.6 hivi. Taa zikibaki na nguvu zake na unasikia "tk" moja tu, tatizo liko kwenye stata yenyewe: vipande vya shaba ndani ya solenoidi vimeliwa, au tope limejaa. Gonga bodi ya stata kidogo kwa mpini wa nyundo ujaribu tena. Kumbuka kwamba gari lililojaa maji silindani nalo hufanya "tk" na taa kufifia, sawasawa na betri mbovu. Ndiyo maana mkono unatangulia. Anayeruka hatua hiyo huazima betri ya lori ili kuvunja injini yake mwenyewe. Kama hata "tk" haipo, toa fiyuzi na rilei moja moja, zifute, ziache juani dakika chache.

Inazunguka lakini haishiki: kwa dizeli ya zamani, fungua ufunguo hadi ON bila kupiga stata, mwenzako akiwa ameinamia pampu. Ile swichi ya kukata mafuta inatakiwa kulia "tki". Isipolia, dizeli haipiti hata ungezungusha mpaka usiku. Angalia fiyuzi yake, kausha kiunganishi chake, na ikishindikana vuta waya kutoka betri uigusishe moja kwa moja. Ikilia, umepata. Lakini ukitaka kuzima injini itabidi uutoe waya huo, basi mwambie kila atakayeshika gari.

Kisha mafuta yenyewe. Tangi linapumua kupitia kabomba kadogo, na tangi la moto likizamishwa kwenye maji baridi linavuta ndani. Weka chupa tupu ya maji ya kunywa chini ya filta ya dizeli, fungua kijibomba cha chini, sukuma pampu ya mkono iliyo juu yake. Iache chupa itulie juu ya boneti dakika tano. Maji yatakaa chini, dizeli juu, na mpaka kati yao utauona wazi kama mstari wa mafuta kwenye supu. Endelea kumwaga mpaka chupa itoe dizeli tupu, funga, piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Ukiwa umemwaga maji chupa mbili na bado yanakuja, shusha tangi, usiendelee kuisumbua pampu kuu. Maji yanaikata ndani.

Gari la petroli ni rahisi zaidi. Gari lenye disitribyuta, kigawa umeme wa plagi, mfano Suzuki za zamani, fungua kifuniko chake, futa ndani kwa kitambaa kikavu, kausha waya za plagi, na mara nyingi linawaka hapo hapo. Lenye koili juu ya kila plagi, chomoa koili utazame kwenye shimo la plagi: mara nyingi kuna maji yamesimama.

Hilux na Prado za dizeli za miaka ya karibuni zina kompyuta na mafuta yanayobanwa kwa zaidi ya bar 1,000. Usifungue mirija ya nozeli porini, mkondo huo unapenya ngozi. Kipimo cha hewa, oili na kuzungusha kwa mkono ni kile kile. Baada ya hapo kausha viunganishi, hasa cha sensa ya krenki na cha sensa ya kupimia hewa, na visipotosha lipakie kwenye lori.

Likiwaka

Moshi mweupe dakika chache za kwanza ni mvuke, usiogope. Acha injini ikae sailensa, yaani izunguke taratibu yenyewe, usikanyage mafuta. Weka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye bloku, sikiliza silinda moja moja. Mlio wa kugonga unaoongezeka ukikanyaga, au mtetemo wa silinda moja usioisha injini ikishapata moto, ni dalili ya konrodi iliyopinda. Zima. Liende nyumbani likivutwa, hata kama linatembea.

Langu liliwaka saa kumi jioni, karibu saa nne tangu lizime. Dereva wa lori alikuwa amebaki, akisema anataka kuona mwisho wake. Aliposikia injini imetulia aliinama akaitazama ile boliti ya puli muda mrefu, akaniuliza boksi yake ni namba ngapi.

Tulifika Ngare Sero usiku, na kazi ilikuwa bado. Difu, giaboksi na fani za magurudumu hazizuii gari kuwaka, lakini zilikuwa za moto zilipoingia majini, nazo huvuta maji kupitia breza, tundu lao la kupumulia, na sili. Anza kwa kukanyaga breki mara nyingi ili zikauke, kisha legeza kizibo cha chini cha kila difu kama ulivyofanya kwenye sampu. Ya mbele ilitoa oili tangu mwanzo. Ya nyuma, ambayo bomba lake la breza nililikuta limechomoka, ilitangulia kutoa maji kama nusu kikombe, kisha uji mweupe, kisha oili. Niliimwaga yote nikiwa na tochi mdomoni, nikafunga kizibo, nikajaza mpya, na bomba la breza nikalifunga kwa waya juu kabisa, nyuma ya taa.